Tusihukumu kwa Dhana



Sisi tuliozaliwa miaka ya 1970 tulikua bila ya kuiona kompyuta kwa macho yetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa mashine hizo nchini, baada ya kupatikana hasara katika kuweka hesabu za Serikali kwa kompyuta, na miaka mingi ikapita kabla ya watu kama sisi kuzigusa. Leo mambo yamegeuka. Hapa kwetu Mwanza kompyuta za mpakato zimeingia majumbani, nyingi zao zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo na kuletwa kwetu kwa njia ya Dubai na Dar es Salaam. Mwanafunzi huandikia masomo yake, mfanyabiashara wa samaki huwekea hesabu zake, na madrasa huhifadhia majina ya watoto na ada zao.

Walakini kila chombo kilichoundwa na mwanadamu huharibika. Na tumeona katika nyumba nyingi kwamba kompyuta inapozimika, mambo mawili huanza papo hapo, kabla hata ya parafujo moja kufunguliwa. La kwanza ni kutafutwa mtu wa kulaumiwa. La pili ni kutolewa fedha kwa ugonjwa ambao bado haujajulikana. Yote mawili yatoka katika shina moja, nalo ni dhana. Twapenda leo tueleze jambo lililotokea katika madrasa yetu, kisha tueleze namna fundi mwenye akili anavyoitafuta hitilafu, ili kila mwenye nyumba ajue la kufanya siku itakapomfika.

Madrasa yetu ina kompyuta moja ya mpakato, tuliyopewa na msamaria mmoja. Ndani yake mna majina ya wanafunzi, mitihani ya miaka mingi, na kitu kingine ambacho fedha haiwezi kukinunua: sauti ya marehemu mwalimu wetu akisomesha tajwidi, herufi baada ya herufi, iliyorekodiwa miaka 3 kabla hajafariki. Watoto wetu hujifunza makhraji ya herufi kwa kuisikiliza sauti ile. Hapakuwa na nakala nyingine mahali popote.

Katika masika ya mwaka 2024, mwaka ambao maji ya Ziwa yalipanda mno yakaingia katika nyumba za watu wa pwani yake, kompyuta ile ilikataa kuwaka. Ukibonyeza kitufe, taa ndogo ilimulika na feni ikavuma kidogo, lakini kioo kikabaki cheusi. Jana yake mvua ilikuwa ikinyesha, na mtoto mmoja, yatima wa miaka 12, alitoka kutawadha akaja kufunga dirisha lililo karibu na meza. Wenzake walimwona mikono yake ikidondoka maji. Basi hukumu ikapita siku ile ile: huyu ndiye aliyeimwagia maji mashine. Mtoto alilia na kuapa kuwa hakuigusa, wala hapakuwa na aliyemsikiliza.

Baadhi ya watu wa kamati waliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja mjini. Yeye aliibonyeza mara mbili, akaitikisa karibu na sikio lake, akasema, "Bodi kuu imekufa, imeingia maji. Leteni shilingi 250,000." Hakuifungua, wala hakuipima kwa chombo chochote. Maneno yale yakawa kama ushahidi juu ya yule mtoto, na kamati ikapeleka habari kwa bibi yake anayemlea, kwamba fedha hizo zamhusu yeye. Mama huyo mzee huuza dagaa kwa kipimo katika soko la Mwaloni, Kirumba. Alikuja kwetu jioni, akakaa chini, akasema, "Ustadhi, mimi sijui kompyuta ni nini. Lakini kama mjukuu wangu ameharibu, nitalipa kidogo kidogo. Nataka nijue tu kwamba ni kweli."

Neno lile la mwisho lilituingia sana. Alitaka kujua kwamba ni kweli. Basi tuliiomba kamati itupe siku mbili, tukaichukua mashine mpaka kwa kijana mmoja tuliyemsomesha juzuu zake za mwanzo, ambaye sasa ana meza yake ya ufundi karibu na Makoroboi. Mahali pale wenyeji wa Mwanza wanapajua tangu zamani kwa mafundi wa kufua koroboi na vyombo vingine kutokana na makopo na mabati yaliyotupwa. Ni watu waliojua kukitazama kitu kilichotupwa na kuuliza kinafaa nini bado. Kijana huyu, ingawa chombo chake ni kingine, ametoka katika ufundi wa namna ile ile.

Tulipomweleza, hakujibu upesi. Aliuliza kwanza: "Ustadhi, ilizimika ikiwa inatumika, au ilikataa kuwaka asubuhi? Ilikuwa ikipata joto? Inalazwa wapi usiku?" Tukamjibu kwamba ilikataa asubuhi, kwamba kwa miezi mingi ilikuwa ikichemka mfano wa kikaango, na kwamba hulazwa katika stoo ambayo ukuta wake mmoja huwa na unyevu masika yote. Akaandika katika daftari. Kisha akasema, "Kabla ya kuigusa, tuiokoe sauti ya marehemu." Akafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo, akaichomoa betri, akaitoa diski, akaitia katika kasha lake na kuiunganisha na mashine nyingine. Alitutaka tukae pale pale tuone, akanakili yote katika diski mbili bila ya kufungua faili hata moja. Tulipoisikia sauti ya mwalimu wetu kwa dakika moja, ili kuhakikisha kuwa ni nzima, hatukuweza kusema neno.

Ndipo akaanza kuutafuta ugonjwa, na tunaeleza hatua zake kwa utaratibu kwa sababu ndani yake mna elimu.

Alianza nje. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na chaja huugeuza ukawa mdogo. Ile yetu imeandikwa volti 19. Alichukua mita ya kupimia umeme, akagusa ncha ya chaja, nayo ikaonyesha 19 na kitu. Basi chaja ikatolewa katika tuhuma. Akairudisha chaja peke yake bila ya betri, akabonyeza kitufe: hali ile ile, taa na feni bila ya picha. Basi betri nayo ikatoka katika tuhuma.

Akakigeukia kioo. Aliimulika tochi kwa upande juu ya kioo cheusi, kwa maana mara nyingine picha huwapo, ila taa ya nyuma ya kioo imekufa, na ukimulika utaona maandishi kwa mbali kama kivuli. Hapakuwa na kitu. Akaunganisha waya kwenye televisheni ya jirani yake: giza. Akatuambia, "Kama televisheni ingeonyesha picha, tungesema ubaya uko kwenye kioo au waya wake. Sasa tujue kwamba picha yenyewe haizaliwi." Hivyo akavuka tena hatua moja kuelekea ndani.

Ndani mna kijibao cha kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita ramu. Mashine huweka humo kila inachokifanya wakati huo, na isipokiona kijibao hicho haiwezi hata kuonyesha neno la kwanza. Yetu ilikuwa na viwili. Aliondoa umeme wote, akagusa chuma ili umeme uliomo mwilini usije ukaunguza kitu, akavitoa vyote viwili. Akarudisha kimoja, akawasha: giza. Akakitoa, akatia cha pili mahali pale pale, akawasha: picha ikatoka! Twaapa kwamba hata wapita njia waligeuka kututazama kwa takbiri tuliyoitoa.

Yeye hakufurahi upesi. Alikichukua kile kijibao cha kwanza, akatuonyesha meno yake ya rangi ya dhahabu yaliyofanya weusi na ukungu. Akayasugua kwa kifutio laini, akayapangusa kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, akayaacha yakauke. Kiliporudishwa, nacho kikafanya kazi. Ule ulikuwa unyevu wa stoo, uliofanya kazi yake polepole masika kwa masika.

Tukamwuliza juu ya maji ya yule mtoto. Akafungua kibodi, akaigeuza, akatuambia, "Ustadhi, maji yana njia yake. Yakimwagwa juu, hupita katika vitufe, hutua chini ya kibodi, kisha hushuka kwenye bodi, na kila yalipopita huacha alama, doa jeupe au kutu ya kijani. Tazama mwenyewe." Tukatazama. Palikuwa pakavu na safi, isipokuwa vumbi. Mtoto yule hakumwaga hata tone moja.

Hata hivyo kazi ilikuwa haijesha. Mashine iliwaka dakika 25, kisha ikazimika ghafla yenyewe. Fundi mwenye haraka angekuwa amekwisha pokea fedha zake na sisi tumekwisha fika nyumbani. Kumbe palikuwa na hitilafu ya pili iliyojificha nyuma ya ya kwanza. Aliitoa feni, na katika tundu la kutolea joto tukaona kitu mfano wa mkeka mweusi uliofumwa. Walikuwa ni wale vijidudu wa ziwani, ambao kila mtu wa Mwanza, Ukerewe na Sengerema anawajua, wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi, na aghlabu huwa wengi karibu na mwezi mwandamo. Usiku hufuata taa, huingia madirishani, na feni ya kompyuta huwavuta ndani pamoja na vumbi. Hewa ikikosa pa kupita, joto hukusanyika. Na kompyuta imewekewa mlinzi ndani yake, hata joto la moyo wake likikaribia nyuzi 100 hujizima ili isiungue. Alisafisha kwa brashi na hewa, akiishika feni isizunguke, akabadilisha ile dawa inayopitisha joto ambayo ilikwisha kauka kama udongo. Kisha tukaiacha ikiwaka tangu adhuhuri mpaka alasiri, wala haikuzimika.

Alitudai shilingi 35,000. Kamati nzima, jambo ambalo twawashukuru, ilikwenda Mwaloni siku ya pili, ikamtaka radhi yule bibi mbele ya wauza dagaa wenzake, na mtoto naye akatakwa radhi mbele ya wanafunzi wenzake, kwa sababu alituhumiwa mbele yao.

Ndugu wasomaji, tazameni tofauti ya mafundi hawa wawili. Wote waliona kioo kile kile cheusi. Mmoja alisema kabla ya kupima, na neno lake likawa dhulma juu ya mali na juu ya heshima ya yatima. Mwingine alipima kabla ya kusema. Dini yetu imetukataza kufuata yale tusiyo na elimu nayo, na imetuonya kwamba katika dhana mna dhambi. Sisi husomesha maneno hayo kila mwaka, na watoto huyahifadhi. Kijana yule alituonyesha yanavyofanywa kwa bisibisi na mita.

Kanuni yake ni nyepesi kuikariri: anza nje kabla ya ndani, anza na jepesi kabla ya zito, badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na kila jawabu liandike. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na mashine ikawaka, hutajua kilichoiponya, na huenda umenunua viwili bure.

Kwa faida ya wenye nyumba twaongeza haya. Mashine isiyoonyesha dalili yoyote ya uhai, tazama kwanza swichi ya ukutani, waya na chaja. Kisha toa chaja, na betri kama yatoka, ubonyeze kitufe kwa nusu dakika, halafu ujaribu kwa chaja peke yake. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kila uizimapo, aghlabu ni kile kibetri kidogo cha duara mfano wa sarafu, cha volti 3, ambacho bei yake ni ndogo. Diski ikilia ta, ta, ta, usiendelee kuiwasha. Nakili kilichomo upesi au mpe mjuzi, kwa maana kila dakika yaweza kuwa ya mwisho. Betri ikivimba hata kuinua kibodi, acha kuitumia siku hiyo hiyo, usiitoboe, usiitupe motoni, kwani yaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Na maji yakimwagika kweli, zima papo hapo, ondoa umeme na betri, ipindue, wala usijaribu kuiwasha kutazama kama imepona. Kuiwasha ndiko kunakoua. Kuitia katika mchele hakusafishi chumvi na sukari zilizobaki ndani, basi ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa.

Tena tuzuie maradhi kabla ya dawa. Kompyuta isitumiwe juu ya godoro wala mto, kwa sababu huziba tundu za chini. Jioni za vijidudu tufunge madirisha au tupunguze taa. Umeme unapokatika, kama tulivyozoea katika mgao wa mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, tuchomoe chaja ukutani, tuirudishe umeme ukisha tulia. Na yaliyo muhimu tuyawekee nakala mahali pawili.

Kwenu vijana mnaofanya kazi hii, twawakumbusha kisa mashuhuri cha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea mwenye mali na kumtaka auweke juu watu wauone. Hakuhukumu kwa kutazama juu. Alitia mkono ndani. Na alipoujua ukweli, aliutaka udhihirishwe kwa mnunuzi. Haya mawili ndiyo ufundi wote. Mweleze mwenye mali ulichokiona, mrudishie kifaa cha zamani akitazame, usimtolee kijibao kizuri ukamtilia kibovu. Na kilicho ndani ya diski, picha za wake na watoto wa watu, ni amana. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yailinda.

Nanyi wenye kompyuta, msimwambie fundi, "Ni kugusa tu, ulipie nini?" Kuutafuta ugonjwa ni kazi, na elimu yake ameisotea. Yule kijana wetu alijifunza miezi mingi mezani pa mwingine kabla ya kuwa na meza yake. Wazazi walio na watoto wa kiume na wa kike wenye mikono mizuri na subira, wawapeleke VETA au kwa fundi mwaminifu, kwa sababu mashine zinazidi kuingia na mafundi wa kweli hawatoshi.

Mwisho twasema: mashine ikizimika nyumbani, baba asipandishe sauti, mama asimtazame mtoto kwa jicho la lawama, wala mkoba wa fedha usifunguliwe. Aulizwe kwanza aliyekuwa akiitumia, kwa upole, kilichotokea. Kisha apatikane mtu wa kupima. Mashine yaweza kungoja siku mbili bila ya kudhurika, na mtoto aliyehukumiwa bure hubeba maneno yale miaka mingi.

Mola atujaalie kuwa katika wenye kuhakikisha kabla ya kusema. Amin. Wabillahi tawfiq.